Masanduku ya Risasi ya Nyangeta

Gundi ya seremala ikichemka hunuka kwato za ng'ombe. Baba aliichemshia kwenye kopo la maziwa juu ya jiko la mkaa, uani kwetu Igogo, na harufu yake iliingia mpaka kwenye mboga. Kiwanda cha pamba alikofanya kazi kilikuwa kimepunguza watu, soko huria limeingia, kila mtu mjini anauza kitu, na yeye yuko uani anaunda lori la waya na askari wa udongo. "Mtu mzima na mvi zake anacheza na vidude!" Mama alilalamika, lakini hakuwahi kumkataza. Baba alipigana vita vya Kagera, na miaka yote hiyo hakutusimulia hata neno moja. Sasa alikuwa anaijenga upya kambi yao juu ya mlango mbovu uliolazwa chini, na mikono ikishika kazi ndipo mdomo ulipofunguka, tena kwa yule tu aliyekaa naye kwenye benchi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nafasi ile niliitaka kuliko nguo ya Krismasi.

Ili ukae pale ilibidi ujue kutengeneza masanduku ya risasi. Jeshini Baba alikuwa mtunza stoo, na kwake kambi isiyo na masanduku ilikuwa uwanja wa mpira tu. Kila sanduku halikutakiwa kuzidi kiberiti. Alituchania msonobari vipande vyembamba, tukavikata kwa wembe, tukavipiga msasa na kuviunga kwa gundi ile. Mishikio ilikuwa uzi wa nyavu, bawaba tulikata kwenye bati la kopo, na mwisho tulilipaka sanduku chai ya rangi iliyolala, lionekane limesafiri. La kwangu la kwanza Baba aliligeuza mara moja tu. "Hili litamwaga risasi njiani, Tekla." Sawa. Ningevumilia, kama asingekuja Nyangeta.

Nyangeta ni binti wa shangazi yangu wa Majita. Aliletwa kwetu asome darasa la sita, tukalala kitanda kimoja. Mikono yake, Mungu anisamehe, niliichukia. Alikuwa anapitisha wembe bila rula na mstari unanyooka. Baba alilishika sanduku lake la kwanza, akalisogeza karibu na macho, akacheka. Baba, kucheka! Akasogea kwenye benchi: "Kaa hapa, mama." Mimi aliyenizaa nilikuwa Tekla, mpwa wake akawa mama. Siku ile nilisonga ugali huku nimetega sikio, nikaisikia sauti ya Baba ikinong'ona uani bila kuambulia hata jina la mtu. Ugali ulijaa madonge na nikasingizia unga.

Jumamosi moja Nyangeta alienda ziwani kufua. Nilichukua masanduku sita aliyokuwa ameyamaliza, nikampelekea Baba. "Umeyafanya wewe haya?" Nikasema ndiyo. Alifurahi, nilimwona, akasogea, na mimi nikakaa. Hatimaye! Kisha akalitikisa moja sikioni. Ndivyo alivyofanya stoo: hakupokea sanduku mpaka aliyelileta aseme kilichomo. "Humu kuna nini?"

"Jamani Baba, si ya mfano tu? Hakuna kitu."

Akainua kifuniko kwa ukucha. Ndani mlikuwa na risasi za udongo, ndogo kuliko punje za mchele, zimelazwa kwenye nyasi kavu. Nani anaweka kitu mahali ambapo hakuna atakayekiona? Wala sikuwa nimefikiria kufungua. Hapo hapo Nyangeta akaingia na beseni kichwani, akatutazama, akaelewa. "Mjomba, tulitengeneza wote. Ya ndani niliweka mimi, Tekla hakuniona." Alisema bila kigugumizi. Baba alitutazama kwa zamu, na najua alijua. "Haya, kaeni wote wawili." Mimi nikainuka, nikasema Mama ananiita. Hakuna aliyekuwa ameniita. Baba alinialika tena mwaka ule, zaidi ya mara moja, na kila mara nilikataa. Afadhali ningechapwa kuliko kuokolewa na yule.

Leo wanangu wana askari wa plastiki wa dukani. Masanduku yao yamemiminwa pamoja na vifuniko, hayafunguki, na siwaonei wivu hata kidogo. Wivu wangu una mtu mmoja. Tulipomzika Baba, wageni walitaka kujua habari zake za vitani, na Nyangeta ndiye aliyewasimulia: nani aliendesha lile lori, nani hakurudi, na Baba alimwimbia nini huyo usiku wake wa mwisho. Watu wakanigeukia mimi, mtoto wa marehemu, nithibitishe. Nikatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nayajua, na machozi yangu wakayaona ni ya msiba. Siku hizi Nyangeta anakaa Kisesa, na kila akipiga simu hunikumbusha kwa upole: "Siku yoyote ukitaka, Tekla, nitakuhadithia yote." Na angenihadithia kweli, bila kunisimanga. Hilo ndilo nisiloweza kumsamehe. Baba ni wangu, na habari zake inabidi nimwombe Nyangeta. Mpaka leo sijaomba.