Fitingi za Mashine ya Kuosha Chupa

Mimi na rafiki yangu tulisomea ufundi pamoja Thika, tukaajiriwa kiwanda kimoja cha juisi upande wa Ruiru, na tukaishia kupanga vyumba kwenye ploti moja Makongeni. Mimi nilimwita dada. Yeye aliniita jirani, hata tukiwa kazini. Tulikuwa tunaunganisha paipu, na kwa subira alinishinda mbali. Mimi nilikimbilia spana; yeye alitaka kwanza kujua ndani ya paipu kutapita nini, kikiwa moto kiasi gani, kikisukumwa kwa nguvu gani.

Mashine ya kuosha chupa ilitoka ng'ambo. Ilizungusha dawa kali ya kuoshea, tena ya moto. Siku moja kiungo chake kikaanza kuvuja, na stoo haikuwa na fitingi yake, kile kipande cha kuungia paipu. Zilizokuwepo ni hizi za kawaida zinazouzwa kila duka la vifaa. Kwa macho zinafanana kama mapacha, lakini thredi, ile mikato ya kuzungushia kama ya skrubu, zimekatwa tofauti. Inaingia raundi chache, inakaza, nawe unadhani imeshika.

"Hii si ya hapa," dada alimwambia supavaiza wetu. "Imekwama tu, haijashika."

"Zungusha tepu nyingi. Itasaidia mpaka zile za ng'ambo zije."

"Kwa maji baridi, labda. Kwa dawa moto, hapana."

Nami nikasema vivyo hivyo. Akatujibu kwamba malori yanangoja, na kwamba getini kuna watu wengi wanaotafuta kazi.

Tukafunga. Tulipoijaribu kwa maji baridi, halikudondoka hata tone. Asubuhi iliyofuata, dawa ilipopata moto, kiungo kikachomoka. Nilikuwa upande wa pili wa mashine. Nilisikia mvuke, kisha sauti yake ikimwita Mungu, "Ngai!" moja tu. Nilimkuta amepiga magoti, mikono usoni. Nikamvuta hadi kwenye mfereji, nikaufungua, nikamwagia maji machoni, nikamwagia, naye akaniuliza, "Jirani, stima imepotea?"

Jua lilikuwa limejaa madirishani.

Fitingi zenyewe zilikuja baadaye, nikapewa mimi nizifunge. Zilizunguka kwa vidole, taratibu, mpaka karibu mwisho. Niliketi pale sakafuni nikalia, na wenzangu wakapita wakitazama kando.

Dada hakuona tena. Mama yake alikuja na pikapu, akabeba vitu vyake, wakaenda kuishi Gitothua. Nilikuwa nikienda huko Jumapili baada ya kanisa. Mwanzoni tuliongea mambo ya madaktari, halafu ya majirani, halafu tukawa tunakaa tu.

Mara ya mwisho nilimkuta anamenya viazi. Alisubiri mama yake atoke nje.

"Jirani, usikasirike," akasema. "Pumzika kidogo kuja. Nikisikia sauti yako, narudi kiwandani, na kutoka huko kunanichukua wiki nzima."

Nikamwambia sawa. Nikamaliza chai, nikamuaga mama yake mlangoni. Akanifungia maparachichi kwenye karatasi, akaniambia nisipotee.