Dume wa Harusi ya Nzwani

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, ukame ulimaliza ng'ombe wote wa baba yangu, na shule yangu ikaishia darasa la pili. Nikashuka kutoka milimani Upare kwenda kuchunga ng'ombe wa familia moja ya Kimasai kwenye tambarare ya Same. Binti yangu ananisahihishia herufi, maneno ni yangu. Ng'ombe ninawajua. Nimeoa kwa ng'ombe, nimejenga kwa ng'ombe, na hata baharini walionipeleka ni ng'ombe.

Miaka michache iliyopita nilisindikiza madume kwa meli kutoka Dar es Salaam hadi Ngazija, kule Komoro. Kisiwa kile ni mlima wa moto. Mawe ni meusi kama mkaa, mvua ikinyesha maji yanazama papo hapo. Mto hakuna, watu wanakinga ya mvua kwenye matangi.

Bandarini alinisubiri bibi mmoja mwembamba ambaye kila mtu alimwita Koko, ndiyo bibi kwa lugha yao. Alikuwa ametoka Nzwani, kisiwa jirani, kuja kuchukua dume mmoja mwekundu kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake. Mume alishakufa, mtoto wa kiume hana. Dume yule alikuwa ni karafuu zake za miaka mingi, punje kwa punje.

Akaniambia, "Mtaani kwetu dume wa harusi anashuka chomboni kwa miguu yake, anaongozwa mjini watu wakimwona. Akibebwa, ni nyama tu. Watasema mjukuu wangu hana watu."

"Koko, atashuka amesimama," nikamjibu. "Nampeleka mwenyewe."

Asubuhi ya kupanda feri ya Nzwani nikafanya tunavyofanya sisi. Sisi tukimpeleka ng'ombe mnadani, kabla hajaingia nyika kavu tunamlambisha magadi, kiu imshike, anywe mpaka tumbo lijae. Anatembea siku nzima bila kusumbuka. Basi nikamlambisha, nikaomba ndoo mbili za maji ya tangi, akamaliza. Nikaomba ya tatu. Baharia mmoja wa feri akasimama kunitazama.

"Mzee, huku mnyama hapandi na tumbo limejaa."

"Wewe ni mtu wa maji," nikamwambia. "Mimi ni mtu wa ng'ombe. Kila mtu na kazi yake."

Koko alikuwa pembeni. Alikuwa anatutazama.

Saa mbili za kwanza bahari ilitulia. Ngazija ikabaki nyuma na wingu lake kichwani, mbele Nzwani ikaanza kuchomoza, milima tu inayosimama juu ya maji. Nikafurahi peke yangu. Kwetu Upare, ukiwa chini Hedaru ukiutazama mlima wa Shengena ni hivyo hivyo, tambarare halafu ghafla mlima. Nikasema kumbe hawa ni Wapare waliozungukwa na maji.

Halafu mawimbi yakaanza. Dume akayumba, akapiga magoti, akalala. Ubavu wa kushoto ukavimba, nikiugonga unalia kama ngoma. Akakoroma, ulimi nje.

Abiria wakajaa. Mama mmoja mwenye mabeseni akacheka, "Mtu wa ng'ombe! Mchinje basi tule kabla hatujafika!"

"Nyamaza wewe," mwingine akamwambia, "mwenyewe yuko hapa."

Koko akachuchumaa karibu na kichwa cha dume. Akaniuliza polepole, "Atasimama?"

 Nikaupapasa ule ubavu, kisha nikamgeukia.

"Koko, kosa ni langu. Nimemjaza maji kama anavuka nyika. Kule anatembea, upepo unatoka. Hapa alikuwa amesimama tu anatikiswa."

"Nilikuona asubuhi," akasema. "Nikadhani unajua."

Neno lile liliniuma kuliko matusi ya wote. Nikavua koti. Nikaomba magunia ya mchele ya abiria, tukayasukuma chini ya kifua chake mpaka mabega yakawa juu kuliko matako. Nikamfunga kijiti kinywani, kimekaa kwa upana, mwisho na mwisho kamba nyuma ya pembe, ili atafune na upepo upate njia ya kutoka. Koko akafungua kapu, akatoa chupa ya mafuta ya nazi aliyomnunulia bi harusi.

"Hayo ni ya mjukuu wako," nikasema.

"Mpe. Nywele zitangoja."

Nikammiminia kinywani kidogo kidogo. Yule baharia akashika pembe bila kuombwa, wala hakunikumbusha maneno ya asubuhi. Mama wa mabeseni naye akapiga magoti, tukausugua ubavu kwa ngumi, mimi huku, yeye kule, mpaka mikono ikafa ganzi. Mwishowe dume akacheua. Ilitoka pumzi moja ndefu, inanuka hatari, watu wakakimbia wakicheka na kuziba pua. Mimi sikuziba.

Lakini feri ilitia nanga Mutsamudu, bandari ya Nzwani, dume bado amelala. Wazee wa mtaa wa Koko walishafika chini, wamevaa makanzu, wanatazama juu. Nikainama sikioni mwa dume, nikapiga ule mluzi niliofundishwa utotoni na Wamasai, wa kuwaamsha ng'ombe zizini. Mara ya kwanza akatikisa sikio. Mara ya tatu akainua matako, kisha miguu ya mbele, akasimama anatetemeka.

Nikamkabidhi Koko kamba. Akanirudishia.

"Anayeongoza ni mtoto wa kiume wa nyumba," akasema. "Shika wewe, mwanangu."

Nikashuka naye mbele ya wazee wale, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni kwa bi harusi. Shati lilikuwa limejaa mafuta na mate ya ng'ombe, na hakuna aliyenicheka.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Same, na nyingine ndogo mlimani. Nina ng'ombe arobaini na mmoja, mbuzi sijawahesabu. Nina majaruba manne ya mpunga Ndungu, pikipiki moja, na kofia ya kushonwa kwa mkono kutoka Nzwani. Ile kamba pia ninayo.