Garissa Nzima Ilijua Habari za Nyumba Yangu, Mimi Nikawapungia Mkono

Admin, jina langu naomba ubaki nalo wewe. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na tisa, Mmeru, mstaafu, na naishi peke yangu. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mkiona nimeruka neno, mjue kilichochoka ni kidole, si akili.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa pampu za visima Garissa. Shule niliacha mapema. Pampu nilijifunza kwa kuzifungua, kisha kuogopa kushindwa kuzifunga. Wenyeji walinishangaa kwa jambo moja tu, Mmeru asiyetafuna miraa. Wao wakisema "Kenya" walimaanisha ng'ambo ya daraja la Tana, na kila mwisho wa mwezi waliniuliza, "Fundi, huendi Kenya kuona mama?" Walimaanisha mke wangu, nami nikijibu, "Mama hajambo, anawasalimu."

Hakuna mama aliyekuwa akiwasalimu. Likizo moja nilifika nyumbani nikakuta mke wangu amehamia kwa mwenye duka la mbolea. Nilipokwenda kumuuliza, yule bwana alinikaribisha kiti. Kilikuwa kiti changu. Nikakaa kidogo, nikarudi Garissa, nikaendelea kuwaletea watu salamu za mama.

Mtu mmoja tu nilimwambia ukweli: Noor, dereva wa lori letu la kazi. Lori lilitufia njiani, tukawa tunangoja spea, na hapakuwa na la kufanya ila kuongea. Nikamwambia yote, mpaka ya kiti, na nikalia. Alinimiminia chai, nikajua siri yangu imefika mahali salama.

Muda si mrefu Noor akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, leo jioni twende ukasikie mashairi." Ilikuwa uani mwa hoteli moja. Walikuwa wameweka kipaza sauti, na yeyote mwenye shairi alisimama akalisema: wafugaji, makarani, wazee waliokimbia vita Somalia wakaja kutoka kambini Dadaab. Mbele zilipangwa redio kaseti za kurekodi. Kisomali changu kilikuwa cha kununua nyama na kukataa miraa tu, kwa hivyo nilibaki kutazama nyuso. Mtu mwenye shati lililopasuka alisema, na wenye mifugo wasiyoweza kuihesabu wakanyamaza kama watoto.

Mara Noor akasimama. Sikuwa najua kwamba rafiki yangu ni mshairi. Alisema polepole, na watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kunitazama mimi. Mzee mmoja akatikisa kichwa. Mama wa chai akajifuta macho kwa ushungi. Nikadhani Noor anamtambulisha mgeni wake. Nikasimama, nikapunga mkono kama diwani, nikasema, "Asanteni, asanteni sana!" Wakazidi kunyamaza. Nikakaa, nimeridhika.

Na kweli, kuanzia kesho yake nilipendwa. Muuza nyama akawa ananiwekea maini. Wanaume niliowajua kwa sura tu wakawa wananiita, "Fundi, kaa hapa na sisi," na wanasogea. Nikajipongeza, nikasema hii ndiyo heshima ya pampu. Jambo moja tu sikulielewa: hakuna aliyeniuliza tena habari za mama.

Kisha nikahamishiwa Griftu, mbali zaidi kaskazini. Siku ya kwanza sokoni, mama mmoja muuza maziwa ya ngamia akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia mimi ni fundi wa pampu kutoka Garissa. Akaweka chombo chake chini.

"Wewe ndio ile fundi ya Noor? Ile bibi yake ilihama na kiti?"

Kaseti ilikuwa imenitangulia. Akanipeleka kibanda cha jirani chenye redio, ikapigwa, akanitafsiria. Kuna mtu, Noor alisema, anawatolea maji ngamia wa kila mtu, na kwake hakuna wa kumwekea hata kikombe. Mkimwona, msimuulize habari za nyumbani. Mwiteni akae nanyi.

"Bole sana, walaal," yule mama akasema kwa lafudhi yake. "Hata Buna, mbali huko, wanakujua."

Nilipanda gari la kwanza kurudi Garissa.

"Noor, ulinivua nguo mbele ya watu!"

"Waryaa, wewe, nani alikucheka?"

"Ilikuwa siri!"

"Ilikuwa msiba. Kwenu mtu akifiwa, maiti mnaficha chini ya kitanda? Watu wanaambiwa, wanakuja. Walikuja, ama hawakuja?"

Nikamtukana. Nikaomba uhamisho, nikavuka daraja bila kumuaga.

Hapa kijijini majirani zangu ni watu wema. "Uko poa?" "Niko poa." Hatujawahi kuzidisha hapo. Mwaka huu niliugua nikalala ndani siku kadhaa, na nilipotoka jirani akaniuliza kama nilikuwa nimesafiri.

Sasa binti wa Noor amenitafuta kwa simu. "Adeer," akaniita, yaani ami, "baba macho yamekwisha. Anataka kukuomba msamaha. Lakini anasema alilosema mbele ya watu, ataliombea msamaha mbele ya watu. Uje ukae mbele, yeye asimame." Nikamuuliza kama watarekodi. "Siku hizi ni simu, adeer. Kabla hujafika kwako, Amerika watakuwa wamesikia."

Ningependa kuwaambia kwamba naogopa aibu. Lakini ile miezi ya Garissa, nikiwa sijajua, ndiyo pekee maishani mwangu ambapo niliingia mahali na watu wakasogea ili nipate pa kukaa. Noor akiomba msamaha, nami itabidi nijibu mbele ya watu. Nikisema nimemsamehe, nitakuwa nimemzulia kosa mzee kipofu. Nikisema hakunikosea, basi miaka yote hii nimejifungia peke yangu kwa sababu gani?

Binti anangoja jibu Ijumaa. Ninyi mnaosoma hapa, ambao sasa mnajua habari za nyumba yangu kama Garissa ilivyojua, niambieni: niende, nikaseme lipi?