Kwaresima ya Wifi Desanka

Wifi yangu Desanka, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeoka mkate wa misa kijijini kwetu, hapa kwenye milima ya Serbia, kwa miaka thelathini. Tumbo lilimuuma miaka yote hiyo na hakuwahi kusema. Februari akatapika damu kwenye theluji, mlangoni pa zizi. Hospitali ya mjini walimwingiza mpira wenye kamera, wakaziba kidonda kilichokuwa kinavuja, wakampa vidonge vya kupunguza asidi. Kimoja kila asubuhi, asiruke hata siku moja.

Wiki mbili baadaye rangi ilimrudia, akaanza tena kuniambia supu yangu ni maji ya kuoshea vyombo. Nami sina mdomo wa kufunga. Siku ya kwanza ya Kwaresima, tunapoacha nyama, maziwa na mayai, nilimkuta akimeza kidonge.

"Wifi, umeshafungua," nikamwambia. "Hilo ganda limetengenezwa kwa mifupa ya nguruwe."

"Nguruwe mwenyewe ni wewe," akajibu, tukacheka.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Mimi nilicheka nikasahau. Yeye aliacha dawa siku ileile. Alipokonda nilisema ni maharage yasiyo na mafuta. Choo kilipokuwa cheusi kama lami, yeye alijiambia ni plamu zilizokaushwa. Hayo alimweleza daktari baadaye, alipokwisha kuanguka juu ya unga wake, Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Kwaresima. Walimwongeza damu, ikawa inamtoka zaidi kuliko inavyoingia.

"Usijilaumu, Milunka," aliniambia kitandani. "Nilitaka kufika Pasaka bila doa."

Alifariki Jumatano.

Padri Vidoje alilia waziwazi. Alisema mgonjwa hafungi, na dawa si chakula. Akauliza mbona Desanka hakwenda kumuuliza, na nani alimtia maneno hayo kichwani. Ninaandika haya kwa sababu bado sijamjibu, na aibu inanila.

Nilipokwenda nyumbani kwake kuchukua nguo za maziko, nilikuta vidonge nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikola. Alikuwa amevifunga kwa kitambaa safi cha mkate wa misa. Juu yake aliweka karatasi, kwa mwandiko wake mkubwa: "Kuanzia Jumapili ya Pasaka, asubuhi."