Maneno Aliyompelekea Yule Mwanamke

Niseme wazi tangu mwanzo: nilimwonea wivu. Wala si wivu mdogo wa kununa kidogo ukasahau, ni ule wa kukunyima hamu ya kula bukari. Na yule mwanamke mwenyewe hakuwa hata mrembo. Miaka hamsini hivi, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, mume hana, na kazi yake ilikuwa kusikiliza watu. Kila siku ya nne ya juma, saa tisa, bwana yangu alikwenda nyumbani kwake, wakajifungia, akamwambia mambo ambayo mimi niliyemzalia watoto wanne sikuambiwa.

Tulikuwa Likasi, huko Katanga, miaka ile kiwanda kilipoanza kufa. Bwana yangu alikuwa fundi wa umeme huko. King'ora cha asubuhi kililia bado, ila mshahara ulikuwa hauji. Wanaume wengine waliingia kuchimba madini, wengine wakasukuma makala ya kupikia kwa baiskeli. Wangu alikaa barazani. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mwenzake wa kazi na rafiki yake wa miaka kumi, alikuwa mtu wa Kasai, mkoa mwingine, na wenyeji walipowafukuza watu wa Kasai mjini, alikwenda na bibi yake na watoto kulala stesheni kungoja treni. Tangu hapo bwana yangu alinyamaza. "Leta maji." "Funga dirisha." Basi, hayo tu. Usiku halali, mkono wa kuume unatetemeka hata kikombe kinamwagika. Mimi nilisema ni njaa, ni mshahara. Ukimya wake na habari za jirani sikutaka kuziweka pamoja.

Mchungaji alimwombea mara tatu. Muuguzi wa dispensari alimpima damu, hakuona kitu, akatuambia, "Tata, hii haiko ya dawa. Iko maman moja, psychologue, wa magonjwa ya roho, alikuwaka anatumika ku hôpital. Sasa anapokea bantu kwake ku nyumba. Muende mumuone."

Nikajitayarisha kama tunavyojitayarisha wote. Kwetu mgonjwa haendi kwa daktari peke yake, hata siku moja. Lazima awe na garde-malade wake: wa kubeba chai, wa kueleza ugonjwa ulianzaje, wa kukumbuka dawa ni mara ngapi kwa siku. Nikachukua mkeka, termosi, sahani mbili, kikwembe cha kumfunika, beseni kama atatapika, na unga wa mahindi wa kumlipa yule mama. Mzigo ulikuwa kichwani, na bwana yangu mbele, mikono mitupu.

Mwanamke alifungua mlango, akaliangalia beseni, akaniangalia mimi. Nikachungulia sebuleni kwake. Viti viwili, saa ya ukutani, dirisha. Kitanda hakuna, sindano hakuna, hata Biblia sikuiona mezani, kwa kuwa meza yenyewe haikuwapo.

"Mama, weye utangoya ku barza," akasema.

"Minye njo garde-malade," nikamjibu. "Minye njo najua ugonjwa yake."

"Najua, mama. Lakini hapa anaingia ye peke."

Akafunga mlango polepole, bila hasira. Ala! Nikabaki barazani na beseni langu magotini, wapita njia wananisalimu, naitikia kama mtu aliyetaka mwenyewe kukaa pale.

Alitoka baada ya karibu saa nzima. Hatujafika hata njia kuu nikaanza.

"Alikupatia dawa?"

"Hapana."

"Alikuombea?"

"Hapana."

"Bon, mulifanya nini saa yote ile?"

"Nilikaa. Kiisha nikasema kidogo."

"Ulisema nini?"

Akatazama mbele. Hilo swali nililiuliza pia kesho yake, na keshokutwa, na nikiwa namkatia majani ya sombe, na nikiwa nimelala.

Juma la pili alinyoa ndevu kabla ya kwenda. La tatu aliniuliza shati lake jeupe liko wapi. Mungu wangu! Shati la ubatizo wa kitinda mimba wetu! Nikampigia pasi mwenyewe, nikamvalisha, akaenda. Aliporudi nililinusa lote, kola mpaka pindo, nikanusa sabuni yangu tu. Ningenusa marashi ningetulia, nawaambia kweli. Mume akilala na mwanamke mwingine, mambo yake yanajulikana: kuna matusi, kuna kofi, kuna wakubwa wa familia wa kuitwa. Lakini mume anayempelekea mwanamke mwingine maneno, unamshitaki wapi?

Wamama wa kwaya nao hawakuniacha. "Aba! Weye unapelekea mwanamke bwana, na unga juu!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nao, meno tu.

Juma la tano alirudi macho mekundu, hakula, akapanda kitandani na viatu. Kumbe nampeleka akaharibiwe! Kesho yake asubuhi nikaenda kwa yule mwanamke peke yangu. Nilimkuta anafagia kiwanja.

"Unamupatia nini bwana yangu?"

"Simupatie kitu, mama. Namusikiliza."

"Hata minye niko na masikio."

"Najua." Akaegemeza ufagio ukutani. "Mwanzo-mwanzo mutu anaweza kulia zaidi, asilale, akasirike. Usiogope. Muache tu, usimuulize-ulize."

"Anasema nini humu?"

"Mambo anasema hapa inabakia hapa. Siku atapenda kukuambia, atakuambia."

"Minye bibi yake!"

"Njo maana," akasema.

Sikumwelewa. Niliona ananidharau tu, mwanamke asiyejua hata harufu ya jasho la mume. Nilirudi nyumbani nikasugua sufuria zote kwa mchanga mpaka vidole vikauma.

Siku ya nne iliyofuata niliwaacha wafunge mlango, kisha nikazunguka nyumba, nikachuchumaa chini ya dirisha, katikati ya matembele yake. Ndiyo, mimi, mama wa watu, mwimbaji wa kwaya. Maneno sikuyashika, sauti ilikuwa ya chini. Halafu nikamsikia bwana yangu anacheka. Kidogo, kwa pua, kama alivyocheka zamani nikikosea nyimbo. Cheko hilo nilikuwa sijalisikia kwa miezi, nikafikiri limekufa, kumbe lilikuwa hai, analitunzia huyu wa miwani ya uzi. Nililia mle matembeleni nikiwa nimejiziba mdomo. Nilimchukia, na bwana yangu nilimchukia, na bado nilitaka wacheke tena nisikie.

Miezi miwili ilipita. Jioni moja akaweka kijiko chini, akaniangalia machoni.

"Siku ya nne tutaingia wote mbili. Minye njo nimeomba."

Furaha niliyokuwa nayo! Nilijipaka mafuta, nikafunga kikwembe cha kanisani, na njiani nilitembea kifua mbele. Nilikuwa nimeshinda. Mwanamke alileta kiti cha tatu kutoka jikoni, nikakivuta mpaka kikagusa cha bwana yangu, ili aone nani ni nani.

Mwanamke akamwambia, "Tata, ile uliniambia, umuambie ye. Usiniangalie minye."

Bwana yangu akakigeuza kiti chake. Mkono wa kuume akauweka chini ya paja. Akaanza na ile siku, mchana, mvua nyepesi. Akasema namna bibi ya jirani alivyokuja na watoto na mafurushi, jirani mwenyewe ametangulia stesheni, akagonga. Mwisho wa avenue yetu kulikuwa na kundi la vijana wenye mawe na fimbo wanapita nyumba kwa nyumba. Bibi yule aliomba tuwafiche mpaka vijana wale wapite.

Sikuhitaji kuambiwa yaliyofuata, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda dirishani. Nilimwambia bibi ya jirani kwamba bwana hayupo, amekwenda mashamba, siwezi kufungua bila yeye. Bwana yangu alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, viatu miguuni. Yule mama aliniangalia, akasema "Bon, asante," akachukua mafurushi. Tulisikia baadaye kwamba walifika stesheni na treni waliipanda. Zaidi ya hapo hatujasikia kitu hadi leo.

Kwa hiyo ni hili, nikajisemea. Miezi yote hii ananishitaki kwa mwanamke. Majibu yangu nilikuwa nayo tayari, kumbe nilikuwa nayo siku zote: watoto wanne, mawe, nyumba yetu ingechomwa, na wewe je, miguu hukuwa nayo? Nikafungua kinywa.

Akaniwahi. "Nilisikia vile ulisema siko. Na nilifurahi. Unasikia? Nilifurahi. Nikasema mu roho, asante Mungu, bibi yangu njo amesema, haiko minye. Kila mara nakuangalia, naona ile furaha yangu. Njo maana sikuwezaka kusema na weye."

Majibu yangu yote yakakosa mtu wa kupewa. Nilimgeukia yule mwanamke. Nilitaka aseme kitu, anyooshe mkono, ayachukue tena maneno yale ayaweke alikokuwa akiyaweka. Alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, ananiangalia kwa huruma ambayo sikuitaka. Kisha saa ya ukutani ikaonyesha muda wetu umekwisha, akasimama, akatufungulia mlango.

Tulirudi kwa miguu. Bwana yangu aliongea njia nzima. Aliongea juu ya bati la jikoni linalovuja, juu ya kwenda ziwani Tshangalele kuleta samaki wa kuuza, juu ya mtoto wetu wa pili anayekataa shule. Sauti ilikuwa yake yote, ile niliyoililia, nayo sasa ilikuwa yangu peke yangu. Nami nilitembea nyuma yake hatua mbili, natamani arudi akamwambie yule mwingine.

Kwenye lango letu akasimama, akageuka.

"Juu ya nini unanyamaza?" akaniuliza.