Safari Aliyoificha Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa mwalimu wa biolojia hapa Lubumbashi, na kwa miaka mingi alipanga safari moja tu: kumpeleka mke wake kwenye mbuga ya Kundelungu akawaone korongo. Si korongo wa kawaida. Aliwataka wale wakubwa wenye vipande viwili vya nyama vinavyoning'inia chini ya kidevu, wanaotembea juu kule kwenye nyanda za majani. Alikuwa na bahasha nzima ya mipango: ramani aliyoichora mwenyewe, orodha ya vitu vya kubeba, namba ya simu ya mlinzi mmoja wa mbuga. Kila kiangazi kilipofika, jambo lilizuka. Mwaka huu gari, mwaka ule mgomo wa walimu. Mke wake, wifi yangu, aliacha hata kuuliza.

Kaka alifariki mvua zilipoanza, baada ya ugonjwa tulioujua sisi kwa miezi miwili tu. Baada ya arobaini, wifi alibaki peke yake katika nyumba yao kwenye komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, nami nikawa napita kila jioni nikishafunga kibanda changu cha cherehani.

Mwezi wa tano uliofuata nikamkuta ameimwaga ile bahasha mezani.

"Tuende sisi babili," akasema, yaani mimi na yeye. "Kama hatuendi, hii makaratasi itaniua."

Tukaanza kupanga. Yeye alishughulikia chakula na mablanketi, kwa maana huko juu baridi ya Juni inauma. Mimi nilitafuta dereva mwenye gari la kuweza barabara ile, nikasafisha darubini ya kaka. Ilibaki kumpigia mlinzi. Nilipiga nikiwa kibandani kwangu, mlio wa cherehani za jirani ukinizunguka. Nikajitambulisha kuwa ni dada wa mwalimu mmoja, sasa marehemu, aliyekuwa akipanga kuja.

"Mwalimu?" mlinzi akasema. "Mbona alikuyaka. Wakati ya baridi yenye kupita. Ku kitabu ya bageni bameandikwa bantu babili, yeye na bibi yake."

Nikamwambia asante, nikakata simu. Kumbe kaka alikwisha kuja huko, na kitabu cha wageni kilisema alikuja na mke wake.

Mwaka jana wakati wa baridi, kabla hatujaujua ugonjwa wake, kaka alituaga kwamba anakwenda Sakania siku nne kusimamia mitihani. Wifi alikuwa nyumbani siku zote zile, tulipika pamoja. Basi mke gani?

Sikumwambia wifi. Lakini tangu siku ile nilikuwa na mwanamke nisiyemjua akitembea nami. Nilimtafuta kati ya wateja waliokuja kushonesha, na kati ya waliokuwa wamekuja kulia msibani, ambao niliwakumbuka mmoja mmoja usiku na mchana. Nikaanza kutafuta visingizio vya kuvunja safari. Nilisema dereva haaminiki. Nilisema kifua kinanibana. Wifi aliendelea kukunja mablanketi.

"Kama unaumwa, bakia," akasema bila kuniangalia. "Mimi nitaenda."

Tukaenda. Tuliondoka alfajiri kwa barabara ya Kasenga, tukaiacha kwa njia ya vumbi jekundu, na alasiri tukafika kwenye kambi ya walinzi. Mlinzi alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kijani lililopauka. Akatupa pole za msiba, kisha akaleta kitabu cha wageni. Nilikuwa nimejipanga kukishika mimi kwanza. Wifi akanitangulia. Akarudisha kurasa nyuma, polepole, mpaka akasimama.

Nikachungulia begani kwake. Mwandiko ulikuwa wa kaka, ule wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Jina lake. Chini yake, jina la wifi, kamili, pamoja na jina la baba yake.

"Aliandika mwenyewe," mlinzi akasema. "Lakini alikuya peke yake. Ni mimi nilimupeleka kule juu. Nilimuuliza: mama iko wapi? Akasema: iko hapa. Nilimuona muntu iko na ugonjwa."

"Mbona kwa simu hukusema?" nikamuuliza.

"Kwa simu ningesema nini, mama?"

Wifi aliuliza kama kaka alikuwa akiongea njiani na huyo aliyesema yuko hapa. Mlinzi akaangalia chini kidogo. Akasema ndiyo, kaka aliongea kwa sauti ndogo, akigeukia upande wa kushoto. Alimwonyesha ndege mmoja mmoja kwa jina. Penye mawe alisimama, akanyoosha mkono, akangoja kana kwamba mtu anapita, ndipo akaendelea.

Mlinzi alipompa kalamu, wifi akatikisa kichwa, kidole chake kikiwa juu ya jina lake lililokwisha kuandikwa. Nikaandika jina langu peke yake.

Asubuhi tulipanda. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani, na korongo hatukuwaona. Tulisikia tu sauti zao mahali fulani mbele, na kila tulipozikaribia zilihama. Mlinzi alitangulia. Nilimfuata, na mara mbili niligeuka nyuma kwa sababu nilisikia hatua nyingi kuliko zetu. Wifi alikuwa akitembea pembeni kabisa mwa njia, upande wa kushoto, majani yenye umande yakimlowesha mpaka magotini, ilhali njia ilikuwa wazi.

Wakati wa kurudi, karibu na lami, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia nilidhani kulikuwa na mwanamke mwingine.

"Mimi pia," akasema. "Nilipata vumbi nyekundu ku viatu vya kaka yako. Sakania hakuna vumbi ya vile. Njo maana nilitaka kwenda."



Ninapita kwake bado kila jioni. Siku hizi, tukiwa tunakula, wifi huweza kusema ghafla, kama mtu aliyekuwapo na kaka siku ile, kwamba huko juu jua lilikuwa kali, na korongo walikuwa saba, na kaka alichoka akakaa juu ya jiwe, wakangoja pamoja mpaka pumzi yake ikarudi. Anaeleza hata rangi ya shati. Siku yetu sisi ilikuwa ya ukungu. Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha. Sasa namwuliza wale korongo walielekea upande gani, naye ananijibu.