Nyasi za Beseni la Dirishani

Kazini, kwenye maabara ya mimea ya baharini, walimwita Mama Mwanga kwa sababu ya kile kifaa chake. Ukikielekeza kwenye jani lililo majini, kinasoma mwanga unaorudi kutoka kwenye jani, na hapo utajua kama mmea unajitengenezea chakula au umekaa tu. Rangi ya kijani hakuiamini. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alipenda kusema.

Kazi hiyo aliifanya na mumewe miaka nenda miaka rudi, wakitaniana na kununiana. Mume alifuta utelezi kwenye majani kwa vidole viwili, polepole, kama anayemnawisha mtoto uso. Mke alipima.

"Usinisugulie mgonjwa," alimwambia.

"Wewe shika tochi yako."

Beseni la dirishani pale maabara lilikuwa na nyasi za baharini ambazo mume alizing'oa mwenyewe kabla tope halijaimaliza ghuba. Alitaka siku moja zirudishwe kwao. "Hizi usiziache zife," alimwambia akiwa kwenye kitanda cha hospitali. Siku chache baadaye akafa yeye.

Tangu hapo, kila asubuhi mjane alipima beseni lile, na kila asubuhi kifaa kilimpa majibu mazuri. Usiku aliuambia upande mtupu wa kitanda: "Zinakula, baba. Zinakula vizuri." Maneno hayo ndiyo yaliyomletea usingizi.

Siku moja wifi yake akaja kuziona nyasi za kaka yake. Akatia mkono majini.

"Wifi, mbona zinateleza hivi? Hamzifuti?"

"Alikuwa anafuta yeye."

"Na sasa?"

Vidole vya mwisho kuyagusa majani yale vilikuwa vya mumewe, na moyo wake ulikataa kuifuta alama hiyo. Mtu aliyewafundisha wengine kazi! Mapenzi hayana akili, jamani.

Akakunja mkono wa blauzi, akashika jani, akalifuta. Utelezi wa kijani, ambao nao ni mimea midogo inayokula mwanga, ukabaki vidoleni. Chini yake jani lilikuwa jeusi, likakatika. La pili vilevile. Kumbe muda wote huo alikuwa anapima utelezi.

"Labda mizizi..." wifi alianza.

Mjane akachimba mchangani. Mizizi ikaja imelainika kama uji, akalia kwa sauti, mkono ungali majini.

"Basi, wifi. Twende nyumbani."

"Nikamwambie nini?"